Tupeane uzoefu: mbwa wako alishawahi "kupotewa" na sura yako?

Wakuu, juzi nimenyoa ndevu za miaka sita. Natoka bafuni, mbwa wangu kanibwekea kama mwizi, manyoya ya mgongoni yamesimama. Nikamwita, akanyamaza. Nikamsogezea mkono, akaunusa, mkia ukaanza kucheza. Ila jioni nzima alinitazama kwa jicho la pembeni. Kwani alikuwa ananijua mimi au ndevu? Wenye visa karibuni.

*

Mimi ilikuwa helmeti ya pikipiki. Nikiivaa, napigwa mbweko. Nikiivua, ananirukia. Mbwa yuleyule, mlango uleule.

*

Mkuu, wangu sura ni ya mwisho kabisa. Nilivunjika mguu, nikawa natembelea magongo. Akiniona kwa mbali ananguruma, na uso sikuuficha. Mwendo ulibadilika, basi. Upepo ukigeuka kumpelekea harufu yangu, anakuja mbio na aibu zake.

*

Msiwaonee. Macho yao hayaoni vitu vya mbali vizuri kama yetu, na rangi wanazotofautisha vizuri ni buluu na njano. Mwaka 2020 watafiti wa Budapest waliwaweka mbwa 20 kwenye mashine ya MRI (ile ya kupiga picha za ndani ya mwili, ubongo ukiwemo), wakawaonyesha video za nyuso na za visogo. Ubongo wa binadamu huchangamkia uso kuliko kisogo. Wa mbwa haukuonyesha tofauti hiyo. Kilichouchangamsha ni kama aliye mbele ni mbwa au mtu.

*

Hapo nakataa kidogo. Wangu nikinuna tu, hata sijafungua mdomo, anaingia chini ya meza. Na Vienna mwaka 2015 mbwa walifundishwa kwa picha za nusu uso, wengine sehemu ya juu, wengine ya chini, kutofautisha furaha na hasira. Wakaletewa sura ngeni, hata nusu ambayo hawakufundishwa, bado wakapatia. Waliotakiwa kuichagua picha ya hasira ili wapate zawadi ndio walichelewa kujifunza. Nani anapenda kusogelea uso wa hasira?

*

Basi kusoma hasira usoni ni kitu kimoja, kujua huyu ni fulani ni kingine. Mtoa mada, ulivyotoka bafuni si ulikuwa na sabuni mpya pia?

*

Mleta mada: Dah. Losheni ya baada ya kunyoa, ndiyo mara ya kwanza kuipaka. Kesho naoga bila kitu, nitaleta mrejesho.