Ugaidi ukitokea, mbona tunaolipa ni sisi wachache?

Msafiri_Kimya:
Wakuu habari zenu, naomba tujadili bila matusi. Kila nikisikia kuna shambulio sehemu, hata kabla sijajua wamekufa wangapi, naomba kimoyomoyo muuaji asiwe na jina linalofanana na la kwetu. Likifanana tu najua wiki hiyo kiti cha pembeni yangu kwenye basi kitabaki kitupu na watu wamesimama. Juzi kwenye ukaguzi nimefungua begi mwenyewe kabla mlinzi hajasema kitu, nishazoea, mwanangu akauliza baba mbona yule wa mbele yetu hajafungua? Nikajifanya sijasikia. Magaidi wapo na serikali lazima ilinde watu, hapo sibishi. Ila hii kamatakamata ya jumla na kuweka watu ndani bila kesi, inazuia ugaidi kweli?

Mzee_wa_Kijiwe:
Pole mkuu ila tuambiane ukweli. Septemba 11, 2001 kule Marekani asubuhi moja walikufa karibu watu 3,000. Wewe ndo mkuu wa usalama, una tetesi, ushahidi wa mahakamani huna, utafanyaje? Ukimwachia akaenda kulipua, watu watakuuliza wewe sio hakimu. Kufungua begi mbona kitu kidogo.

Binti_Hoja:
Mzee begi sawa, ila kaulizia watu kuwekwa ndani bila kesi, usiruke hapo. Ireland Kaskazini Agosti 1971 siku ya kwanza tu walizolewa watu 342, karibu wote upande wa Wakatoliki, na majina yenyewe mengi yalitoka kwenye mafaili ya zamani, kuna waliokamatwa hawahusiki na lolote wakaachiwa siku mbili tu baadae. Si ndo IRA, lile kundi la silaha lililopinga utawala wa Uingereza pale, wakapata vijana wapya bila jasho! Mwaka uliofuata, 1972, ndo walikufa watu wengi kuliko mwaka wowote wa mgogoro ule. Na Marekani je, vita vya pili waliwafungia kambini watu kama 120,000 wenye asili ya Japani, wengi wao raia kabisa, 1988 ndo wanaomba radhi na kulipa dola 20,000 kwa kila aliyekuwa bado hai. Wangapi walishazikwa hapo.

Karani_Mstaafu:
Naongezea kidogo. Uingereza 2001 walitunga sheria ya kumshikilia mgeni anayeshukiwa ugaidi bila kesi na bila kikomo. Desemba 2004 majaji wa House of Lords, ndo ilikuwa mahakama yao ya juu wakati ule, wakaikataa, 8 kwa 1, kwamba inabagua, maana hatari inatoka kwa raia pia, sasa mbona inagusa wageni peke yao? Julai 2005 London ikalipuliwa, wakafa watu 52, na katika wale walipuaji wanne watatu wamezaliwa hukohuko Uingereza. Yani jicho lote lilikuwa kwa mgeni. Mimi sikatai mtu kushikiliwa, nataka afikishwe mbele ya hakimu na siku za kushikiliwa zijulikane, sio mpaka polisi wachoke.

Mzee_wa_Kijiwe:
Hiyo ya hakimu na siku kujulikana nakubali. Ila ukaguzi usiguswe.

Msafiri_Kimya:
Mzee nani kasema uondolewe? Na yule wa mbele yangu naye afungue begi, basi.