Kijana anataka kuwa treda: wanalipwaje hapa Kampala na kwingine?

Kutoka: Mama Rehema, Ntinda

Ndugu zangu wa Kampala, habari za leo. Wakubwa, shikamooni.

Mtoto wa dada yangu amemaliza shahada ya uchumi Makerere. Anataka kuwa treda, yaani kazi ya kununua na kuuza fedha za kigeni na hati fungani (hati za mkopo ambazo serikali na makampuni huuza). Kwenye simu ananionyesha vijana wanaodai kuingiza mamilioni kwa wiki, na kuna mwenzake amemwambia Dubai wanalipa mara kumi ya hapa. Ni Mtanzania, baba yake yuko Mwanza, ananipigia kila jioni kuuliza. Anayeijua kazi hii anisaidie: wanalipwaje, na mbona tofauti kubwa hivyo?

---

Kutoka: Idi, Bugolobi

Mama Rehema, salama. Hii ndiyo kazi yangu, benki moja hapa mjini, kwa hiyo univumilie nikirefusha.

Kwanza kijana atenganishe watu wawili wanaoitwa jina moja. Treda wa benki anatumia pesa za benki, mwisho wa mwezi anapata mshahara, na mwaka ukienda vizuri anapata bonasi. Yule wa kwenye simu anabashiri kwa pesa zake mwenyewe, mshahara hana. Mwaka 2018 wasimamizi wa masoko wa Umoja wa Ulaya waliangalia akaunti za watu binafsi wanaobashiri kwa mkopo wa dalali, wakakuta asilimia 74 hadi 89 ya akaunti hizo zinapoteza pesa. Naomba sana baba yake aambiwe hilo kabla hajatuma hata shilingi ya "mafunzo".

Tukija kwa wa benki, malipo yanafuata ukubwa wa soko. Mwaka 2022 biashara ya fedha za kigeni duniani ilikuwa dola trilioni 7.5 kwa siku. Uingereza peke yake ilishika asilimia 38, Marekani 19, Singapore 9. Treda wa London anashika miamala ambayo sehemu ndogo tu ya faida yake inalipa bonasi kubwa. Sisi hapa tunaishi kwa wateja: muuza kahawa ana dola anataka shilingi, mwagizaji wa mafuta ana shilingi anataka dola, mashirika ya misaada yanabadilisha ya mishahara. Katikati ya mwezi makampuni yanauza dola yalipe kodi, shilingi inapata nguvu. Faida yetu ni ile tofauti ndogo kati ya bei ya kununua na ya kuuza, pamoja na biashara ya dhamana za serikali, yaani hati za mkopo wa serikali. Soko dogo, bonasi ndogo. Hata mtu awe hodari vipi, hawezi kuvuna kisichokuwepo shambani.

Takwimu za nje nazo azisome kwa makini. Wastani wa bonasi kwenye makampuni ya fedha ya Wall Street, New York, kwa mwaka 2024 ulikuwa dola 244,700. Lakini wastani huo unabeba na wakubwa wanaolipwa mamilioni. Serikali ya Marekani ilipohesabu mawakala na matreda wa nchi nzima, wa katikati kabisa (nusu wanamzidi, nusu wako chini yake) alipata kama dola 76,900 kwa mwaka, Mei 2023. Nchi moja, picha mbili. Na bonasi kubwa za London au New York mara nyingi hazitoki zote kwa mkupuo, sehemu inazuiwa miaka kadhaa, nyingine inalipwa kwa hisa.

Halafu kodi. Tuseme benki ya hapa inamwandikia shilingi milioni 4 kwa mwezi (mfano tu wa hesabu). PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara: 25,000 kwa zile 410,000 za mwanzo, kisha asilimia 30 ya zinazobaki, jumla 1,102,000. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, asilimia 5 ni 200,000. Mkononi zinafika 2,698,000, na hajalipa pango la nyumba wala boda. Anayepita milioni 10 anaongezewa asilimia 10 kwa kile kilichozidi. Nairobi ngazi ya juu ya PAYE ni asilimia 35, bado makato ya mfuko wa nyumba na ya bima ya afya. London ni 45 kwa kipato cha juu ya pauni 125,140. Kijana akitajiwa mshahara, swali lake la kwanza liwe: baada ya makato nabaki na ngapi?

---

Kutoka: Bi Saada, Muyenga

Mama Rehema, mwanangu yuko Dubai, si treda lakini yuko kwenye fedha. Ni kweli mshahara haukatwi kodi ya mapato. Ila mwenye nyumba anataka hundi za mwaka mzima mkononi kabla hujaingia, na ada za shule zinaumiza. Pia aangalie mkataba umeandika mshahara wa msingi kiasi gani, kwa sababu kiinua mgongo kinahesabiwa kwa huo tu, siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza. Waajiri wengine wanaujaza mkataba marupurupu, msingi unabaki mdogo.

---

Kutoka: Idi, Bugolobi

Ahsante Bi Saada, hilo la mshahara wa msingi lina uzito hata hapa.

Mama Rehema, la mwisho. Wengi wetu hatukuanzia kwenye meza ya kununua na kuuza. Tulianzia chumba cha nyuma, kuhakiki miamala na kulinganisha hesabu jioni, mpaka siku treda mmoja alipoondoka. Aombe huko, hata kama mshahara ni wa kuanzia. Na kwa kuwa ni Mtanzania, kibali cha mwanafunzi hakimruhusu kuajiriwa: atahitaji kibali cha kazi, na mwajiri ndiye anayemwombea. Kwenye usaili aulize wazi kama benki itakilipia, na jibu aliombe kwa maandishi. Wasifu wake anitumie wiki hii, nitausoma.