Tunahamia Noordoostpolder na watoto watatu, tuwaanzie wapi?

Kutoka: Mama wa watatu, Den Haag

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Mume wangu amepata kazi kwenye vitalu nyumba upande wa Luttelgeest, kijiji cha Noordoostpolder huku huku Uholanzi, na mwezi ujao tunahama. Watoto wana miaka 11, 7 na 4. Wawili wamezaliwa Tanga, mdogo hapa hapa Den Haag. Wamezoea tramu, duka la chini ya nyumba na wenzao wa kila rangi. Jumamosi tulikwenda kuiona nyumba. Barabara imenyooka kama imepigwa rula, mashamba mpaka macho yanachoka, na upepo. Mkubwa alikaa kimya garini, halafu akaniuliza, "Mama, hapa watu wako wapi?" Nilikosa la kumjibu. Mliotangulia vijijini, nisaidieni. Naogopa watajiona wametupwa.

Kutoka: Mama wa Marknesse

Marahaba mdogo wangu, na hongereni kwa kazi.

Nimetimiza miaka 9 Noordoostpolder, na wanangu wawili wamekulia hapa. Swali la mwanao usilikwepe, lianzie hilo hilo. Kabla hamjamaliza kufungua maboksi, wapelekeni Schokland. Kilikuwa kisiwa. Bahari ilikila mwaka hadi mwaka, hata mwaka 1859 serikali ikawahamisha wakazi wote, watu kama 650. Baadaye Waholanzi wakaifunga ile bahari kwa tuta kubwa la Afsluitdijk, mwaka 1932, kisha wakazungusha tuta jingine huku kwetu, pampu zikavuta maji, na mwaka 1942 sakafu ya bahari ikawa ardhi. Kisiwa kikabaki mwinuko mrefu katikati ya mashamba. Upande wa kaskazini ipo bandari ya zamani, na ndani ya bandari hakuna maji, ni majani matupu. Mwanangu wa kwanza alishuka akasimama pale mashua zilipokuwa zikitia nanga, akaniuliza kama samaki waliambiwa mapema. Hatukutoka pale mpaka jua likazama.

Nakwambia hivi kwa sababu moja. Katika nchi hii kuna vijiji ambavyo ukoo mmoja umekaa tangu enzi na enzi, na mgeni hubaki mgeni. Hapa sivyo. Mababu wa watoto watakaokaa darasani na wanao walikuja wenyewe, tena walichujwa. Maofisa walikwenda hadi majumbani kwao kukagua kama mke anatunza nyumba vizuri, ndipo familia ikapewa shamba. Hata mji wetu wa Emmeloord na kijiji cha Ens ni majina yaliyochukuliwa kwenye makazi ya kile kisiwa. Wangu alipoulizwa na mwenzake shuleni ametoka wapi hasa, alijibu Kigoma, naye akauliza, "Na babu yako?" Ikaonekana babu wa yule mtoto alitoka Zeeland, baada ya mafuriko ya 1953. Wale wawili ni marafiki mpaka leo. Mtoto akishaijua habari hii mapema, haingii darasani ameinamisha kichwa.

Sasa maji. Hapa naomba unisikilize sana.

Mwanangu mdogo alikuwa na miaka 5. Ilikuwa mwezi wa saba, na mtaro wa nyuma ya nyumba ulikuwa umefunikwa na kroos, yale majani madogo madogo yanayoelea. Hushikana barabara, ukitazama utaapa ni bustani iliyofyekwa jana. Mpira ukadondoka juu yake, ukatulia. Mtoto akaufuata. Nilisikia chubwi! Maji yalimfika kifuani na tope likamnasa miguu. Jirani aliyekuwa akipalilia alijitosa na viatu vyake, akamtoa. Mtoto alikuwa kijani mwili mzima, ndala moja ikabaki humo. Nilikuwa nikitetemeka nimemkumbatia, na yule mzee, maji yakimchuruzika, alisema maneno mawili tu: "Zwemles. Morgen." Masomo ya kuogelea. Kesho.

Alikuwa na haki. Sisi tunalelewa kuambiwa usisogelee maji. Hapa huwezi kutosogelea, unaishi mita kadhaa chini ya usawa wa bahari na kila shamba limezungukwa na mtaro. Kwa hiyo wafundisheni watoto kutoka majini. Kuna vyeti vitatu, A, B na C. Watoto huogelea wamevaa nguo, na hupita chini ya maji katika tundu la turubai, wajue la kufanya siku wakitumbukia kweli. Orodha ya kusubiri mara nyingi ni ndefu, kwa hiyo huyo wa miaka 4 mwandikishe sasa ukiwa bado Den Haag. Wale wakubwa wawili nao wasiachwe eti wamepitwa na umri. Pesa ikibana, mwulize mwalimu au mfanyakazi wa jamii kuhusu Jeugdfonds Sport & Cultuur. Mfuko huo huwasaidia watoto wa kipato kidogo, na mara nyingi ombi hupitia kwao.

Baiskeli ni ya pili. Vijiji 10 viliwekwa kuizunguka Emmeloord makusudi, ili mtu afike mjini kwa baiskeli. Mkubwa wako karibu ataanza sekondari, na kwa watoto wengi wa vijijini hiyo ni Emmeloord, kwenda na kurudi, mvua na giza. Nendeni naye Jumapili moja bila haraka. Mwoneshe mnara wa maji wa Emmeloord, mita 65, unaonekana kutoka mbali sana, hapotei mtu. Mwambie pia ukweli kuhusu upepo: hapa huvuma zaidi kutoka kusini-magharibi, kwa hiyo akitoka Luttelgeest asubuhi utampiga usoni, na jioni utamsukuma nyumbani. Wangu walipolijua hilo, manung'uniko ya asubuhi yalipungua.

Mambo ya ofisi ni mepesi. Mnaijulisha halmashauri mpya, wenyewe husema gemeente, kuanzia wiki 4 kabla ya kuhama hadi siku 5 baada yake. Mdogo anaweza kuanza shule sasa akiwa na miaka 4, sheria humlazimu akifika 5. Shule za vijijini ni ndogo, na si ajabu madarasa mawili kukaa chumba kimoja chini ya mwalimu mmoja. Mwanzoni sikupenda, sasa naona mtoto mgeni humfaa, maana humpata mkubwa wa kumshika mkono.

Na wafundishe kusalimia. Kijijini kila unayepishana naye hupewa "hoi", hata mwenye trekta huinua kidole kwenye usukani. Mtoto wa Kiswahili hilo tayari analo, mjini alikuwa amelificha tu.

Kutoka: Baba wa Bukavu, sasa Emmeloord

Mama wa Marknesse amemaliza ya maji. Mimi naongeza jambo moja, kwa ajili ya dada na kwa wengine wa kwetu Kongo wanaosoma.

Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, saa sita kamili mchana, ving'ora hulia nchi nzima. Ni majaribio. Mjini kelele za magari hupunguza makali, lakini huku kwenye uwanda wazi sauti hukujia kifuani. Tulipotoka kambi ya waomba hifadhi ya Luttelgeest tukapewa nyumba, binti yangu alikuwa na miaka 7. Kilipolia, alikuwa darasani. Aliingia chini ya meza na kumvuta mwenzake aje naye, kwa kuwa ndivyo tulivyomfundisha nyumbani. Mwalimu hakuwa na kosa, hakuna aliyekuwa amemweleza tumetoka wapi. Kosa lilikuwa langu. Nilimpa mtoto begi, sanduku la chakula na penseli, na hili sikumwambia.

Mwezi uliofuata niliomba ruhusa kazini. Saa sita kasoro dakika kumi nilikuwa uwanjani pa shule, nimemshika mkono. Kilipoanza tukahesabu pamoja kwa Kiswahili. Kilinyamaza tukiwa themanini na kitu. Akaniuliza, "Ni hiki tu?" Nikamjibu ni hiki tu. Mwezi wa tatu alihesabu peke yake, na mwalimu akawafundisha wenzake kuhesabu naye: moja, mbili, tatu.

Kutoka: Mama wa watatu, Den Haag

Asanteni mno, nimesoma kwa sauti na mume wangu akisikiliza.

Jumapili tulikwenda Schokland. Mkubwa alizunguka ile bandari kavu mara mbili, kisha akalala chali kwenye majani akasema yuko chini ya bahari. Wakati wa kurudi tulipita Luttelgeest kwa miguu, na alihesabu "hoi" kumi na moja. Mdogo tumeshamwandikisha kuogelea, na kalenda ya ukutani nimeizungushia wino Jumatatu zote za kwanza.

Nina swali moja tu. Taa za baiskeli za kuchajiwa na za dinamo, kwa mtoto atakayetoka nyumbani gizani majira yote ya baridi, ninunue zipi?