Naomba ushauri: rangi ya barabarani imegandia kwenye gari

Wakuu habari za leo, naomba msaada. Wiki iliyopita natoka Urambo narudi Tabora mjini kumbe mbele walikuwa wanachora mistari ya barabara, koni hakuna hata moja, mi nikapita juu ya ile nyeupe mbichi nasikia tap tap tap chini nikadhani kokoto. Kushuka nyumbani aisee! IST yangu ya bluu, kuanzia mlango wa mbele chini mpaka madigadi ya nyuma, madoadoa meupe kama kanga. Nikapata msiba nikaiacha siku nne juani, na jua la Tabora mnalijua, imekauka kama simenti.

Ukiipapasa inakwaruza, jamaa kasema ni vile vichembe vya kioo vinavyofanya mstari ung'ae usiku, so ukisugua kikavu unaichora bodi mwenyewe. Sabuni na maji moto imegoma. Fundi mmoja anataka apige thina halafu msasa, nikakimbia, thina si inakula kilia, ule mng'ao wa juu ya rangi? Mwingine kasema nipulizie WD-40, ile dawa ya kulegeza kutu, nisubiri, nikwangue taratibu kwa kadi ya plastiki. Nimejaribu doa moja karibu na tairi, pembeni limelegea katikati limegoma.

Sasa nirudierudie hivyohivyo au petroli kidogo kwenye kitambaa haina shida? Na ule udongo wa kusafishia bodi, hapa mjini unapatikana duka gani ama mpaka niagize Mwanza? Kupaka upya milango miwili hela sina, tumbaku bado haijalipwa.