Naombeni ushauri: mmoja nimemzoea, mwingine akinipigia tu moyo unakimbia. Mapenzi ni yapi?

Kijana wa Segerea
Habari za muda huu wakuu. Naomba matusi yakae pembeni, usingizi umenikimbia.

Mimi ni mwanaume wa miaka 34, nina duka la vipuri vya bodaboda huku Tabata Segerea. Mwaka jana nilikutana na dada mmoja, mtumishi wa serikali. Huyu akinipigia simu tu nasahau hata bei ya plagi niliyokuwa namtajia mteja. Upande wa pili yupo mwanamke niliyemzoea. Mtu mzuri, hana kosa lolote, ila msisimko wa mwanzo haupo tena. Siku hizi maongezi yetu ni luku, ada na mchele, basi.

Swali langu: mapenzi ya kweli ni yale yanayokunyima usingizi au ni haya ya mazoea? Na mtu anaweza kuoa mahali ambapo moyo umetulia tu? Nawasilisha.

Nahodha wa Feri
Nimewahi siti ya dirishani. Mke wangu nilimwonea kwenye kivuko cha Kigamboni, kabeba ndoo ya dagaa, kila mtu anamkimbia kwa harufu. Mimi nikasogea. Mpaka leo sijui nilivutiwa na nini, ila tuna watoto watatu na dagaa tunauza wote Feri. Endeleeni, nipo.

Sioi Ng'o
Kataa ndoa. Waache wote wawili, nunua kiwanja.

Shangazi Mkubwa
Mwanangu, umesema "mwanamke niliyemzoea". Umemzoea akiwa wapi? Mtu unayeongea naye luku na ada hakai mbali na wewe. Na ada ya nani? Nijibu hapo kwanza, ushauri utakuja.

Kijana wa Segerea
Shangazi shikamoo. Ni kweli tunaishi wote, mwaka wa nne huu. Ada ni ya mtoto wetu, yupo chekechea. Lakini mnielewe, sijatoa mahari wala sijapeleka barua kwao Korogwe. Kwa hiyo kiutaratibu sijaoa. Nilianza nae kama utani, mimba ikaingia, tukajikuta tumehamia chumba kimoja.

Shangazi Mkubwa
Marahaba. Basi una mke. Ulichokosa ni adabu ya kwenda kujitambulisha kwao.

Binti wa Makongo
Nilisoma saikolojia chuoni, niseme kidogo. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Sternberg, aliyagawa mapenzi katika mambo matatu: ukaribu, hamu na kujifunga. Ukaribu ni kujuana hadi ndani, mtu unamweleza deni lako bila kuona aibu. Hamu ndiyo hiyo inayokusahaulisha bei ya plagi. Kujifunga ni uamuzi: nimempenda huyu, na nitabaki naye.

Hamu huwahi kupanda na huwahi kushuka, hata kwa hao mnaowaona wameshikana mikono Coco Beach. Kwa hiyo ikipungua nyumbani, usiseme mapenzi yamekufa. Na mtu mwenye hamu na haraka ya kujifunga, lakini ukaribu haujajengeka, Sternberg aliyaita hayo mapenzi ya kipumbavu. Sio tusi langu, ndilo jina alilolipa. Sasa mkuu, huyo mtumishi unamjua kiasi gani? Umewahi kumwona ana malaria? Umewahi kumkuta hana hata nauli?

Kijana wa Segerea
Namjua vizuri tu. Alihamishiwa Dodoma, kwa hiyo Ijumaa jioni napanda SGR, haifiki saa nne nimeshafika. Jumapili narudi. Tunacheka, tunakula vizuri, hatujawahi kugombana hata siku moja. Hiyo sio dalili?

Binti wa Makongo
Mnaonana Ijumaa hadi Jumapili, kila mtu ameoga na ana hela mfukoni. Mngegombana saa ngapi?

Mzee wa Kiwalani
Vijana mna haraka. Mimi mwaka 1988 nilimwacha mama mmoja pale Ilala Bungoni kwa sababu kama hizi. Yule mpya alinisisimua mpaka hela ilipokata. Yule wa kwanza namwonaga misibani, ananisalimia vizuri sana, na hicho ndicho kinachoniuma. Mdogo wangu, chunga hapo.

Jirani wa Mahakama
Tuache moyo kidogo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160: mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi mpaka watu wakawachukulia kama mume na mke, mahakama itadhania wameoana. Dhana hiyo unaweza kuipinga kwa ushahidi. Lakini hata ukifanikiwa kuipinga, mwanamke bado anaweza kuomba matunzo yake na ya mtoto, na mahakama inaweza kutoa amri zilezile zinazotolewa kwenye talaka, mgawanyo wa mali ukiwemo. Kwa hiyo "sijatoa mahari" haikusaidii kama unavyodhani. Je, kuna mali mmechuma pamoja? Na huko Dodoma umeshaahidi chochote?

Kijana wa Segerea
Mkuu umenibana. Ukweli ni kwamba barua ya posa imeshakwenda. Mshenga ni rafiki yangu, majibu tunayasubiri mwezi huu. Msinihukumu. Umri unakwenda na mimi nina haki ya kuwa na furaha. Mtoto nitamhudumia, hilo halina mjadala.

Dogo Tandika
Wakuu hii ni chai, stori ya kutunga. Mwezi uliopita huyuhuyu alifungua uzi jukwaa la ujenzi anauliza bei ya tofali, akaandika "mimi na mke wangu tunajenga Chanika". Leo hana mke? Halafu duka la vipuri Jumamosi ndio siku ya mauzo, wewe uko Dodoma unacheka. Dukani anakaa nani? Mtunzi jipange.

Nahodha wa Feri
Duh. Lete vitafunwa basi.

Sioi Ng'o
Kumbe kiwanja anacho! Nafuta ushauri wangu.

Kijana wa Segerea
Sio chai. "Mke wangu" niliandika kwa mazoea. Dukani anakaa yeye mwenzangu. Nilimwambia nimepata wateja wa jumla Dodoma.

Shangazi Mkubwa
Subiri. Anayekuuzia dukani Jumamosi, mtoto kamkalisha pembeni, ndiye unayemkimbia?

Dogo Tandika
Bado nasema chai. Hakuna mtu anaandika hivi mwenyewe.

Binti wa Makongo
Dogo, chai huwa inampendezesha msimuliaji. Hii kila akijibu inamharibia. Mimi naamini ni kweli.

Mkuu, tuambie kitu kimoja kuhusu huyo wa nyumbani, kitu unachokiona kila siku.

Kijana wa Segerea
Anakaanga vitumbua, anaamka saa kumi alfajiri. Luku ikikata usiku yeye ndiye anayeamka. Anashika simu kwa meno ili tochi imulike, anaingiza namba zote ishirini bila kukosea, anarudi kulala. Asubuhi hata haniambii kwamba umeme ulikatika.

Sijui kwa nini nimeandika hiki.

Jirani wa Mahakama
Hujajibu kuhusu Chanika. Pesa ilitoka wapi na karatasi ina jina la nani?

Kijana wa Segerea
Nusu ilitoka dukani, nusu ni mkopo wake wa VICOBA, kile kikundi chao cha kuweka na kukopa. Mauziano yaliandikwa jina langu, kwa sababu siku hiyo yeye alikuwa amelazwa, anajifungua.

Jirani wa Mahakama
Ana mchango mara mbili. Hata bila huo mkopo, tangu 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali. Na Dodoma nako, ukiahidi kuoa halafu ukageuka, kifungu cha 69 kinamruhusu yule dada kukudai fidia.

Shangazi Mkubwa
Mimi sikulazimishi ubaki. Mtu akichoka amechoka. Lakini usiondoke kwa kujificha nyuma ya mshenga. Leo akishamlaza mtoto, kaa naye, mwambie barua imekwenda Dodoma na wateja wa jumla hawapo. Kesho mwende kwa mwenyekiti wa mtaa na mashahidi, jina lake liandikwe kwenye kiwanja. Ukishafanya hayo, ndio uje utuulize habari za moyo.

Kijana wa Segerea
Nimekuelewa shangazi. Ila nitamwambia baada ya majibu kutoka Dodoma. Wakikataa je?

Shangazi Mkubwa
Wakikataa je??

Dogo Tandika
Naondoa neno chai. Hii ni kweli.

Jirani wa Mahakama
Dada wa vitumbua, kama unapitapita humu: daftari la VICOBA, ile kurasa ya mkopo, ipige picha leo na umtumie ndugu yako unayemwamini. Ukitaka kuelekezwa zaidi niandikie faragha, sitadai hata shilingi.