Kompyuta ya kikundi imegoma kuwaka, ndani kuna hesabu za hisa na mikopo. Naomba msaada kabla haijafutwa

KatibuMafinga

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Mafinga. Wengi wetu ni mama lishe, wauza mbao wadogo na wenye mashamba ya viazi.

Kompyuta ya kikundi haiwaki. Ni mpakato tulionunua ukiwa umeshatumika, betri haishiki chaji, kwa hiyo muda wote unaishi kwenye waya. Juzi usiku naingiza marejesho ya mikopo, umeme ukakatika, ikazima papo hapo. Uliporudi nikawasha: nembo inatokea, vinukta vinazunguka, inaandika kwamba inajiandaa kujirekebisha, kioo kinakuwa cheusi, inaanza upya. Inarudia hivyo hivyo bila kuchoka. Feni nasikia, taa ya chaji inawaka, hakuna mlio wa ajabu.

Fundi mmoja wa hapa mjini ameitazama kidogo akasema Windows imekufa, apige nyingine, niifuate kesho. Nikamuuliza, na mafaili yangu? Akasema ya C yataondoka, ya D yatabaki. Hii kompyuta haina D. Kila kitu kiko Desktop na Documents. Nikaibeba nikarudi nayo nyumbani.

Kilichomo ni faili la Excel lenye hisa, mikopo, riba, faini na mfuko wa jamii tangu mzunguko uanze Januari. Vitabu vya hisa wanavyo wanachama wenyewe na mihuri imegongwa, lakini nani alikopa lini, amerejesha kiasi gani na anadaiwa nini, hiyo iko humo tu. Mgao ni Desemba. Kuna mama anategemea mgao huo kuezeka nyumba kabla mvua hazijakolea, ameshalipia mbao nusu. Siwezi kusimama mbele yake na kumwambia hesabu imepotea na umeme.

Pia kuna picha za mama yangu za mwaka wake wa mwisho. Simu iliyozipiga iliibiwa.

Kompyuta yenyewe ikifa na ife. Nataka vilivyomo. Nianzie wapi? Nina uwezo wa kuazima kompyuta nyingine nzima, na diski ya nje ya dukani kwa jirani. Nawasilisha.

mbezi_kwetu

Pole sana dada. Usihangaike na mafundi. Ikifika kwenye kujirekebisha chagua kurudisha kompyuta ikawa kama mpya, kuna sehemu inakuuliza kama ubakize mafaili yako. Mimi ilinisaidia mwaka jana.

fundi_moro

Dada katibu, hilo chaguo usiliguse kwanza. Ndugu wa Mbezi ameshauri kwa nia njema na kweli huwa linafanya kazi, lakini linaandika Windows nzima upya juu ya diski ile ile ambayo hatujui hali yake. Likikwama katikati, na kwako umeme unakatika na betri hakuna, unabaki na kompyuta isiyo na Windows ya zamani wala mpya. Kwanza toa mafaili. Yakishakuwa mahali pengine na umeyafungua ukayaona, hapo kompyuta ifanyeni mnavyotaka.

Niko Morogoro, kazi hii nimeifanya muda mrefu, na kinachoniuma ni kwamba mafaili mengi ninayoletewa hayakuuawa na hitilafu. Yaliuawa na haraka ya kupiga Windows. Kwenye diski ya zamani ya kuzunguka, faili likifutwa bado lipo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, kwa hiyo programu kama PhotoRec inaweza kuliokota, ingawa bila jina lake la awali. Kwenye SSD, yaani diski isiyo na kitu cha kuzunguka, habari ni nyingine. SSD ina utaratibu unaoitwa TRIM: Windows ikiiambia kwamba nafasi fulani haitumiki tena, inaisafisha yenyewe. SSD ikishafomatiwa, mara nyingi hakuna cha kuokota. Kwa hiyo ulivyoichukua ukaondoka nayo, ulifanya jambo la maana kuliko yote.

Dalili zako zinanipa moyo. Nembo inatokea, feni inazunguka, hakuna mlio. Inaelekea madabodi, ile bodi kuu ya ndani, ni mzima na kilichovurugika ni Windows, kwa sababu ilikatwa ikiwa katikati ya kuandika. Mafaili yako hayahitaji Windows hiyo ili yasomeke. Tutaiwasha kompyuta kwa mfumo mwingine kutoka kwenye flashi.

Kwenye kompyuta ya kuazima pakua mfumo huo, unaitwa Linux Mint, ni wa bure. Ni kama GB 3, tafuta mahali penye intaneti ya kueleweka. Pakua na Rufus, ni programu ndogo ya bure. Chomeka flashi ya GB 8 au zaidi isiyo na kitu unachokihitaji, maana itafutwa yote, halafu Rufus iiandike hiyo Mint. Kisha ichomeke kwenye kompyuta mbovu, washa, na papo hapo uwe unagonga kitufe cha kuchagua pa kuwakia. Dell na Lenovo nyingi ni F12, HP ni F9, Asus ni Esc. Chagua flashi.

Ikishawaka utaona kioo cha Mint na alama moja ya kusakinisha. Hiyo usiibofye. Fungua dirisha la mafaili, upande wa kushoto itaonekana diski ya ndani. Ibofye, ingia Users, ingia kwenye jina lako, utakuta Desktop, Documents na Pictures. Chomeka diski ya nje, nakili kwenda huko. Anza na faili la Excel, fuata picha za mama, mengine baadaye.

Huenda ikakataa kufungua kwa madai kwamba Windows haikuzimwa vizuri. Ni kweli haikuzimwa vizuri, na hatutaki kuirekebisha, tunataka kuisoma tu. Fungua Terminal, lile dirisha la kuandika amri, andika `lsblk` uone majina ya sehemu za diski, kisha:

`sudo mount -o ro /dev/sda3 /mnt`

Badala ya sda3 weka jina la sehemu kubwa kuliko zote kwenye diski yako. Hiyo "ro" maana yake soma tu, usiandike chochote. Mafaili utayakuta ndani ya /mnt.

Na chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, asikushauri mtu kwa sasa. Kazi yake ni kunyoosha mpangilio wa diski, haijali faili lako, na kwenye diski inayoumwa inaweza kukata vipande ambavyo bado vingesomeka.

bahari_mombasa

Asalaam aleikum. Niongeze kwa wale watakaopita hapa na tatizo lenye kufanana. Ikiwa diski ni ya kuzunguka nayo yatoa sauti ya kugonga, tik tik tik, izime. Usijaribu Mint wala chochote. Kila dakika inayozunguka kile kichwa cha kusomea chaweza kukwaruza sahani, na palipokwaruzwa hapasomeki tena. Hiyo ni kazi ya wenye maabara, na ni ghali.

Ikiwa haigongi lakini yasoma polepole mno, usinakili faili moja moja. Tumia programu ya Linux iitwayo ddrescue kuchukua nakala ya diski nzima kwenda diski nyingine kubwa. Hiyo hupita kwanza penye kusomeka kwa urahisi, penye shida huparuka, kisha hurudi baadaye, na huandika kumbukumbu ya palipofikia ili umeme ukikatika uendelee ulipoachia. Kisha mafaili wayatafuta kwenye ile nakala, diski mgonjwa waiacha ipumzike.

Na kama kompyuta haiwaki kabisa, hata taa, diski hutolewa ikatiwa kwenye kasha la USB. Dada, ukifika huko angalia umbo lake kabla ya kununua kasha. Zile ndogo nyembamba za M.2 ziko aina mbili: NVMe huwa na pengo moja kwenye meno yake, za SATA huwa na mawili. Kasha la hii halisomi ile, ila yale ya aina zote mbili. Wengi hununua lisilo lake wakadhani diski imekufa.

KatibuMafinga

Kaka wa Morogoro, Mungu akubariki. Nimefuata kila hatua. F12 imekubali, Mint imewaka, diski naiona. Lakini nikiibofya haitaki kufunguka, inaniomba nywila. Nimeweka nywila yangu ya kuingilia Windows, inakataa. Nimeweka na PIN, inakataa. Hakuna mtu aliyewahi kuweka nywila kwenye diski hii. Nimetetemeka. Ina maana fundi aligusa kitu?

fundi_moro

Hapana dada, tulia, fundi hakugusa kitu. Hiyo ni BitLocker. Windows 11 siku hizi inaifunga diski kwa maandishi ya siri bila kuuliza mtu, hasa ikisakinishwa upya kuanzia toleo la 24H2 la mwaka 2024 na mwenye kuiandaa akaingia kwa akaunti ya Microsoft. Ufunguo wa kila siku unakaa kwenye kijisehemu ndani ya kompyuta yenyewe, ndiyo maana hukuwahi kuulizwa. Ukiwaka na mfumo mwingine, unaulizwa. Na hata diski ukiitoa ukaitia kwenye kasha kama alivyoeleza ndugu wa Mombasa, utaulizwa vile vile.

Inayotakiwa ni namba ya uokozi. Ina tarakimu 48, makundi 8 ya tarakimu sita sita. Haiko kwenye kompyuta. Inahifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya yule aliyeiandaa kompyuta. Sasa kumbuka: siku ile inawekewa Windows, iliingizwa barua pepe ya nani?

KatibuMafinga

Mpwa wangu! Ndiye aliyeiwekea Windows alipokuja likizo, yuko Dodoma. Mimi barua pepe nilikuwa sina. Nampigia sasa hivi.

fundi_moro

Mwambie aingie account.microsoft.com/devices/recoverykey kwa barua pepe ile ile aliyoitumia siku hiyo. Kama ana kompyuta nyingi ataona namba kadhaa, kila moja ina kitambulisho chake. Wewe washa bila flashi, iache ijirudie mpaka ikuletee ukurasa wa buluu wa kuomba namba. Hapo imeandikwa kitambulisho, herufi nane za mwanzo zilingane na za kwake. Ukurasa usipokuja, jaribuni zote, hakuna ubaya. Akusomee kwa simu, wewe andika kwenye karatasi, kisha umsomee yeye. Ukirudi Mint, tarakimu hizo pamoja na vistari vyake ndiyo nywila unayoombwa.

KatibuMafinga

Wakuu. Imefunguka.

Mpwa alikuta namba mbili, ya kwetu ilikuwa ya pili. Picha za mama zote zipo, nimezifungua moja baada ya nyingine kwenye kompyuta ya jirani. Excel ipo ila inaishia mkutano uliotangulia. Nilichoandika usiku ule wa umeme hakimo.

fundi_moro

Nafurahi mno, hasa kwa picha. Kuhusu usiku ule, usikate tamaa bado. Ndani ya jina lako kwenye Users kuna folda AppData, Windows huwa inalificha lakini Mint inalionyesha. Tazama sehemu mbili: AppData/Roaming/Microsoft/Excel, na AppData/Local/Microsoft/Office/UnsavedFiles. Excel huweka humo nakala ya dharura kila baada ya dakika kumi, kama mtu hakubadilisha. Nakili folda zote mbili kwenye diski ya nje, ukazifungulie kwenye kompyuta nzima.

KatibuMafinga

Ilikuwepo kwenye hiyo ya kwanza! Wanachama wote wa mkutano ule nimewapata, isipokuwa watatu wa mwisho, na hao nimewaita leo na vitabu na risiti zao, tumeandika pamoja mbele ya mwenyekiti na mhazina. Jumla imekubaliana na fedha zilizomo sandukuni. Yule mama wa kuezeka nimempigia mwenyewe.

Namba ya tarakimu 48 nimeiandika kwenye karatasi ikaingia kwenye sanduku la kikundi, lile la kufuli tatu, wenye funguo ni watu watatu tofauti. Faili lenyewe sasa liko pia kwenye flashi ya mhazina na kwenye barua pepe mpya ya kikundi. Kompyuta inakwenda kupigwa Windows kesho, safari hii kwa barua pepe hiyo hiyo ya kikundi.

mbezi_kwetu

Hongera sana dada, nami nimejifunza. Fundi, swali: aliyeiandaa kompyuta akiwa hajulikani alipo, au barua pepe imesahaulika, inakuwaje? Kuna jamaa hapa anasema anavunja hiyo BitLocker kwa laki moja na nusu.

fundi_moro

Jaribuni kwanza kuirudisha hiyo barua pepe, kwa namba ya simu iliyosajiliwa nayo. Kama kompyuta ilikuwa ya ofisi, waulizeni watu wa kompyuta wa ofisi hiyo, huenda namba iko kwenye akaunti ya kazi. Angalieni pia karatasi na flashi za zamani, wapo walioichapisha wakasahau. Vyote vikishindikana na kompyuta yenyewe haiwezi kujifungua, yaliyomo hayasomeki. Huyo jamaa mwambie alipwe baada ya kukuonyesha faili lako moja limefunguka, si kabla.