Tupeane uzoefu: kurekebisha tachipadi ya laptop kwa amri

Mkunazini01
Asalaam alaykum wadau. Tachipadi kwenye Linux haibofyi kwa mguso, au kishale kinarukaruka ukiandika: mnatumia amri gani? Wa Unguja na wa Pemba, wekeni hapa.

Fundi_Mlandege
Waalaykum salaam. Kwanza kabisa, fungua terminal (dirisha la kuandikia amri) ujue mfumo wako wa kuonyesha skrini ni x11 au wayland:

`echo $XDG_SESSION_TYPE`

Wengi hulipita hili, wakanakili amri za x11 nao wamo ndani ya wayland, kisha lawama zote kwa Linux. Jibu likiwa x11:

`xinput list`
`xinput set-prop 'SynPS/2 Synaptics TouchPad' 'libinput Tapping Enabled' 1`

Jina weka lile ulilolikuta kwenye orodha. Usitumie namba, ukichomeka mausi ya USB zinaweza kubadilika, amri ikaangukia kifaa kingine. Kasi ni `'libinput Accel Speed'`, kuanzia -1 hadi 1. Anza na 0.3.

BintWete
Wa wayland yenye GNOME (mazingira ya desktop), hiyo xinput iacheni:

`gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.touchpad tap-to-click true`

Kishale kikiruka kwa sababu kiganja kinagusa, badala ya `tap-to-click` weka `disable-while-typing`. Usitangulize sudo (amri ya kutumia ruhusa za msimamizi), utabadilisha mipangilio ya root, yaani msimamizi, na yako ikabaki vile vile.

Mkunazini01
Kaka Fundi, hiyo ya xinput haipotei ukizima mashine?

Fundi_Mlandege
Inapotea. Ya gsettings ndiyo hubaki. Kwa x11 unda faili `/etc/X11/xorg.conf.d/30-tachipadi.conf` kwa sudo (folda kama haipo, iunde):

```
Section "InputClass"
  Identifier "tachipadi"
  MatchIsTouchpad "on"
  Driver "libinput"
  Option "Tapping" "on"
EndSection
```

Ukisahau EndSection, skrini ya kuingilia inaweza isitokee. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia, futa faili, washa upya.

MpembaChake
Angalieni na dereva (programu inayoiendesha tachipadi, kama libinput au Synaptics). `xinput list-props 'jina la tachipadi'` ikileta maneno ya Synaptics, wala libinput haimo, basi amri ni hizi:

`synclient TapButton1=1 PalmDetect=1`
`syndaemon -i 1 -K -d`

Ya pili huizima tachipadi unapoandika, na kuirudisha sekunde 1 baada ya kuacha. Ikiganda laptop ikiamka usingizini, na ni ya PS/2 (aina ya muunganisho, huonekana kwenye jina la kifaa): `sudo modprobe -r psmouse`, halafu `sudo modprobe psmouse`.

BintWete
Na kishale kikicheza laptop ikiwa kwenye chaji tu, amri haitasaidia kitu. Chomoa chaja; kikitulia, tatizo ni umeme. Tachipadi inahisi chaji ndogo sana ya kidole, na chaja isiyo na ethi (waya wa kwenda ardhini) huichafua. Soketi zetu ni za pini tatu, lakini watu hupachika adapta ya pini mbili, ethi ikakatika hapo hapo. Tafuta waya wa chaja wenye pini tatu kamili, kisha mwite fundi umeme apime kama ethi ya nyumba inafanya kazi. Siku za masika futa na jasho la vidole, nalo linasumbua.